Simu ya Surafel Inakataa Kupoa

Mahlet aliingia kwenye duka la fundi simu akiwa ameishika simu kwa kitambaa cha jikoni, kile cha kuepulia chungu. Mulugeta, msaidizi wa fundi, alipomwona akaacha kutafuna shayiri yake ya kukaanga.

"Karibu dada. Leo umetuletea mchuzi?"

"Girum yupo?"

"Yupo nyuma. Girum! Mgonjwa wako kaja!" Kisha akashusha sauti kidogo tu, kusudi asikike vizuri. "Mgonjwa ni simu au ni mwenye simu, hapo mimi simo."

Siku nyingine Mahlet angecheka, maana Mulugeta alikuwa na mdomo usiolala na mji mzima wa Dessie ulishamzoea. Leo hakucheka. Alisimama pale mlangoni, mvua ya Julai ikimchuruzika kwenye ncha za shuka lake jeusi, na alipomwona Girum akitokea nyuma ya pazia huku akijifuta mikono, moyo wake ukafanya kile ambacho moyo wa mjane haupaswi kufanya. Ukamkimbilia. Akaurudisha kwa nguvu.

Girum hakutazama simu. Alitazama shavu lake la kushoto, palipokuwa na alama nyekundu yenye upana wa vidole viwili.

"Hiyo nini?"

"Si kitu."

"Mahlet, hiyo ni nini?"

"Nimeamka nayo alfajiri. Simu ilikuwa chini ya mto, mto ukasogea."

Mkono wa Girum uliinuka, ukafika nusu ya safari, ukakumbuka kwamba hauna ruhusa, ukarudi. Mahlet aliuona ukirudi. Kama ungefika, pengine angelia palepale mbele ya Mulugeta na shayiri yake.

"Unalala nayo," alisema Girum. Hakuwa anauliza.

Tangu kaburi lifukiwe, ni mwaka mmoja na miezi mitano. Surafel, mumewe, alikuwa dereva wa lori la njia ya Djibouti, na siku lori lilipoacha barabara kwenye mteremko baada ya Kombolcha, kilichorudi kizima ni simu tu. Jeneza lilikuja limepigiliwa misumari. Mama yake, Mwalimu Asegedech, aliomba amguse mwanawe japo mkono, wanaume wakatazamana na kumwambia, mama, bora umkumbuke alivyokuwa.

Wakaomboleza. Siku ya arobaini wakafanya karamu ya kumwombea marehemu, mapadri wakaja, maskini wakala wakashiba, roho ikaagwa iende ilikopangiwa. Na kesho yake asubuhi simu ya Surafel, iliyokuwa imekaa baridi juu ya kabati tangu msiba, ikakutwa ina moto kama mtoto mwenye homa. Hakuna aliyesema ameigusa. Betri iliyokuwa ikikaa siku tatu ilikwisha kabla ya adhuhuri.

Mwalimu Asegedech alipiga vigelegele na kulia kwa pamoja. "Hajaondoka! Mwanangu kakataa kuondoka!"

Akainyunyizia maji ya baraka, mengi, kwa imani yote. Hivyo ndivyo simu ile ilivyofika kwa Girum mara ya kwanza, ikitoa matone kwenye tundu la chaji.

Na ndivyo Mahlet alivyofika naye. Akarudi tena simu ilipoendelea kuwaka, akarudi betri ilipokufa, akarudi mara nyingine bila sababu ya kueleweka, akisema eti chaja inalegea. Girum alimpa kigoda, akamnunulia kahawa, akamsikiliza. Hakuwa mwanamume wa maneno mengi. Siku moja alimletea mkate wa ngano nyumbani kwa kuwa alisikia kwamba hali chakula vizuri, akauacha mlangoni, akakimbia kama mwizi. Mahlet aliula wote peke yake, na usiku huo akaibana simu kifuani akimwomba Surafel radhi.

Wiki iliyopita Girum alituma wazee watatu wenye heshima zao. Mahlet hana baba. Aliyeketi kuwapokea ni mama mkwe wake anayeishi naye. Mwalimu Asegedech aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawajibu kwa sauti ya darasani: "Mke huyu ana mwenyewe. Simu yake ingali na joto. Siku ikipoa, njooni."

Na jambo ambalo Mahlet hakumwambia mtu, hata padri wa toba, ni kwamba aliposikia jibu lile aliumia na kufurahi kwa mpigo mmoja.

"Keti," alisema Girum sasa.

Aliiweka simu juu ya mkeka wa mpira, akaipashapasha kingo kwa hewa ya moto, akapenyeza kipande chembamba cha plastiki. Mgongo ulikuwa umeshaanza kubanduka wenyewe. Ndani, betri ilikuwa imevimba kama andazi. Mulugeta akasogeza shayiri yake mbali. Girum aliing'oa taratibu bila kupumua, akatoka nayo nje, akaifukia kwenye ndoo ya mchanga.

Aliporudi alikaa karibu na Mahlet kuliko kawaida.

"Hiyo ni betri ya tatu. Nimebadilisha tundu la chaji. Nimebadilisha chaja. Nimekagua ubao wote kwa kioo cha kukuzia, hakuna palipoungua. Mwili wa simu hii ni mzima, Mahlet. Ugonjwa uko ndani, na ndani hujawahi kuniruhusu."

Ni kweli. Kila mara aliileta ikiwa imezimwa, na sharti lake lilikuwa moja: fungua mgongo, usiwashe kioo.

"Mulugeta ananicheka," aliendelea. "Ananiuliza simu hii naitengeneza au naifuga."

"Na bado nauliza," alisema Mulugeta. Girum alimtupia jicho, naye akakumbuka ghafla kwamba kahawa imekwisha, akatoka na mwavuli.

Duka likabaki na sauti ya mvua tu.

"Nipe ufunguo wake," alisema Girum. "Au ichukue hivi hivi. Betri ya nne siweki, itakuunguzia nyumba ukiwa usingizini, na mimi nitaishi vipi?"

"Na ikipoa?"

"Ikipoa imepona."

"Ikipoa, Girum, amekufa." Sauti ilimkatika. "Hunielewi. Dessie hii baridi yake unaijua. Naingia kitandani, miguu imekufa ganzi, naweka mkono chini ya mto, yuko. Ana joto. Naongea naye. Namwambia habari zako, unajua? Nasema, Surafel, kuna mtu. Simu inazidi kuwaka, nami najua amekasirika. Halafu nakuja hapa mchana kukutazama. Mimi ni mwanamke wa namna gani?"

Girum aliinamia mkeka wa mpira, akaupangusa. Alipotazama juu, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi pia namwogopa," alisema. "Nikiishika simu hii naona kama nimeshika mkono wake. Kama ningetaka kumfukuza, siku ya kwanza tu ningefuta kila kitu, kazi ya dakika tano. Nimezunguka nje ya simu hii mwaka mzima kwa sababu uliniambia nisiingie. Leo nakuomba wewe. Sitaki kuingia kwa nguvu."

Mahlet alimtazama. Kisha akasema polepole, "Weka betri."

Girum akaweka betri ya kujaribia. Kioo kikawaka. Mahlet akapitisha kidole juu ya vile vitone tisa vya kufungulia, akachora herufi aliyoiweka yeye mwenyewe kuwa kufuli baada ya arobaini, ya kwanza ya jina la Surafel, na simu ikafunguka. Pakatokea picha ya lori lililooshwa vizuri.

"Nilijua!"

Wote wawili wakaruka. Mwalimu Asegedech alikuwa mlangoni, amejifunika nguo nyeusi kichwa mpaka miguu, mwavuli mkononi kama fimbo. Alikuwa amefundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na mmoja, na watu wazima wa mji ule bado walificha mikono mfukoni wakimwona.

"Naamka, kitanda kitupu, simu hakuna. Nikasema, huyu kaenda kumuuza mwanangu."

"Mama, angalia shavu langu."

"Nimeliona. Mume akikupiga kofi kwa wivu, unampeleka kwa fundi?"

"Mwalimu," alisema Girum, akasimama kama mwanafunzi, "karibu uketi."

"Nikikaa nitakuwa nimekubali. Nitasimama."

"Basi simama utazame. Sifuti kitu. Ukiona nimefuta hata herufi moja, nipige na huo mwavuli."

Mwalimu akasogea mpaka pumzi yake ikamfikia Girum shingoni. Girum alifungua orodha inayoonyesha nani ndani ya simu anakula umeme. Akakunja uso. Karibu wote ulikuwa unaliwa na kitu kimoja: programu ya kutumiana ujumbe.

"Kuna mtu anaitumia?"

"Nani aitumie?" alijibu Mahlet. "Mimi nalipia laini tu isife. Siifungui. Naogopa kuona picha."

"Lakini hailali. Usiku na mchana inajaribu kitu, inashindwa, inajaribu tena." Alitazama juu ya kioo. "Leo siku gani?"

"Jumatano," Mwalimu alijibu kwa ukali. "Hata siku ya mfungo huijui?"

"Simu inasema Jumapili."

Mahlet aliinamia kioo aone. Surafel aliondoka nyumbani Jumapili. Girum akabonyeza mahali pa tarehe, akasoma, akasoma tena.

"Mwaka elfu mbili na kumi na saba."

"Ndiyo," alisema Mwalimu. "Ndio mwaka wenyewe. Kosa liko wapi?"

"Kwetu ndio mwaka wenyewe, Mwalimu. Lakini simu hizi haziendi na kalenda yetu. Zinahesabu mwaka wa wazungu, na kwao ni elfu mbili na ishirini na tano. Simu hii inaamini tuko miaka minane nyuma." Aliinua uso. "Kila ikienda kuchukua ujumbe inabisha mlango, inataja tarehe, inaambiwa tarehe hiyo si ya leo, hatukufungulii. Inabisha tena. Kila sekunde, Mwalimu, mwaka na zaidi. Mtu wa namna hiyo si atashikwa na homa?"

Hakuna aliyecheka.

"Simu haijibadilishi mwaka yenyewe," Girum aliendelea polepole. "Kuna mkono uliobadilisha."

Mvua ilipiga bati. Mwalimu Asegedech alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Niliusahihisha," alisema.

"Mama?"

"Nilitaka kuandika humo siku aliyokufa, ili kila mwaka simu inikumbushe. Wakati ule haikuwa na hiyo michoro yako, ilifunguka tu. Nikaona imeandikwa mwaka wa ajabu, mwaka ambao sisi hatujaufikia. Nikasema, mwanangu amekufa mwaka huu wetu, si mwaka wa watu wengine. Basi nikausahihisha." Akaushusha mwavuli. "Nimesahihisha makosa maisha yangu yote."

"Ilikuwa lini?" aliuliza Girum, ingawa alishajua.

"Siku ya arobaini. Jioni, wageni walipoondoka."

Mahlet alikuwa amejiziba mdomo kwa shuka. Usiku wote ule. Radhi zote zile. Kuchora kwake ile herufi ili simu ifungwe, asije mtu akamsumbua aliyemo. Na aliyemo hakuwapo.

Girum alimsogezea simu. "Ni kugusa mara moja, irudi yenyewe kwenye tarehe ya kweli. Kidole kiwe chako. Mimi sitagusa."

Mahlet alimtazama mama mkwe wake, akamtazama Girum, akaitazama simu. Alijua anachokifanya. Kama ni kuzika, alizika yeye, na safari hii hakuna aliyemzuia asione. Akagusa.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha simu ikalia. Ikalia tena. Ikalia mfululizo bila kupumua, ikitetemeka na kujisukuma juu ya mkeka, na kila mlio ulileta jina lile lile kwenye kioo: Mama. Mama. Mama. Mama.

"Zima!" alipiga kelele Mwalimu. "Zima, mwanangu, nakusihi!"

Lakini kidole cha Mahlet kilikuwa kimeshagusa ujumbe mmoja, na sauti ya Mwalimu ikajaa dukani, si ile ya darasani, nyingine kabisa, ya bibi mmoja aliyejifunika blanketi:

"Surafel, mwanangu. Mvua zimeanza. Paa la jikoni linavuja pale pale. Nimeweka sufuria. Wewe huko hulowi?"

Mahlet akagusa mwingine.

"Surafel. Mahlet hali chakula. Nimempikia mchuzi wa shiro, ameugusagusa tu. Mwambie ale. Wewe anakusikia."

Na wa wiki iliyopita. Mwalimu alijifunika uso kwa mikono yote miwili kabla haujaanza.

"Surafel, leo wamekuja wazee. Watu wa maana. Nimewajibu kwa kinywa chako, nisamehe, wewe hukusema neno. Ni mimi. Huyu binti akiondoka, asubuhi nani ataniuliza mama umeamkaje?"

Girum alikuwa amegeukia ukuta. Mahlet alisimama, na kilichomtoka kwanza hakikuwa huruma.

"Mwaka mzima, mama! Mwaka mzima namwomba msamaha mtu aliyekufa kwa kosa la kumpenda aliye hai! Ukiniona nalia, unaniambia ni yeye amekasirika. Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi."

"Kwa nini hukuniambia unaogopa kubaki peke yako? Mimi ningekwenda wapi bila wewe?"

"Vijana wanakwenda." Mwalimu alishusha mikono. Uso wake ulikuwa umezeeka ndani ya dakika tano. Alimgeukia Girum. "Fundi. Umeweza kuurudisha mwaka, utaweza kuuharibu. Rudisha kama nilivyoweka. Iache iwake. Sitasema kitu kuhusu nyinyi, oaneni, fanyeni mtakavyo, lakini niachieni joto lake."

Girum aligeuka kutoka ukutani. Angeweza kukubali palepale na kuondoka na mke. Mahlet aliyaona mawazo hayo yakipita usoni mwake, akaona pia yalivyokataliwa.

"Naweza, Mwalimu," alisema. "Lakini kila baada ya miezi mitano mtaniletea betri iliyovimba. Na siku moja hamtaniletea ninyi. Nitaletewa habari. Mkitaka ifanywe hivyo, tafuteni fundi mwingine. Hata kama namkosa Mahlet."

Mwalimu alimtazama kwa muda, kama anayemsahihisha mtu daftari. Milio ilikuwa imekoma. Mahlet alinyoosha mkono, akaishika simu bila kitambaa. Joto lilikuwa linaondoka. Alilisikia likiondoka chini ya vidole vyake, kidogo kidogo, na machozi yakamtoka bila kelele, maana alimpenda Surafel, alimpenda sana, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaweza kumpenda hivyo na bado kumwacha aende.

"Mama," alisema. "Njoo umguse."

Mwalimu Asegedech akaweka kiganja chake juu ya kioo. Kikakaa hapo. Mvua ikapungua, ikaongezeka, ikapungua tena, na kiganja kilikuwa bado hapo.

"Amepoa," alisema mwishowe. "Hawakunipa nimguse. Nilitaka tu kujua kama amepoa, ili nimlilie vizuri."

Akakaa chini kabisa, sakafuni, akalia, na Mahlet akakaa naye, kichwa cha mzee kifuani pake. Girum aliufunga mlango, akageuza kibao kionyeshe pamefungwa. Baadaye Mahlet atakumbuka kwamba ni hapo alipomchagua, si kwenye mkate wala kahawa.

Mwalimu alipotulia, alijipangusa uso kwa shuka, akatafuta mkobani, akatoa simu yake mwenyewe ndogo yenye kioo kilichopasuka. Akaisogeza karibu na midomo. Kidole gumba kikabonyeza.

"Surafel, mwanangu. Ni mama. Niko hapa kwa fundi Girum. Si mtu mbaya, amekataa kunidanganya. Mahlet ataolewa, na mimi mama yako nimekubali kwa kinywa changu mwenyewe, si chako. Amesema hataniacha. Basi wewe pumzika. Usihangaike tena kubisha."

Akaachia kidole.

Mkononi mwa Mahlet, simu ya Surafel ikalia mara moja tu. Mwalimu akashtuka, akainua macho yaliyolowa.

"Ujumbe umefika?"

"Umefika, mama," alisema Mahlet.